Kabrasha la pamoja likikataa kufunguka, usikimbilie kufuta diski

KAMPUNI ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa programu yake ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na tangu hapo wenye tarakilishi wengi wamelazimika kuhamia Windows 11. Baadhi yao wamekumbana na kizungumkuti wasichokitarajia. Kile kisanduku cha kuhifadhia faili kilichokaa kando ya ruta kwa miaka, ambacho kila mtu nyumbani alikuwa akikifungua bila kuulizwa lolote, ghafla kinawafungia mlango.

Ndani ya kisanduku hicho mna picha za harusi, kanda za sherehe za mahafali, sauti ya nyanya aliyekwisha kufariki, hati za shamba zilizopigwa picha na, kwa wenye biashara ndogo, hesabu za miaka kadhaa. Mwenye mali akiona ujumbe kwamba hana ruhusa, moyo humruka. Hudhani kila kitu kimepotea. Hapo ndipo hatari yenyewe huanza, kwa maana faili nyingi zilizopotea katika visa vya aina hii huwa hazikupotezwa na kasoro ya awali, bali na tiba iliyofuata.

Kukataa kufunguka si kupotea. Mtu aliyefika mlangoni akakosa ufunguo hana sababu ya kuamini kwamba nyumba imeungua. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutafuta ufunguo ulikokwama, na mambo ambayo hupaswi kuyagusa kabla ya kuupata.

Kisanduku chenyewe, ambacho wauzaji wa vifaa vya elektroniki hukiita kwa herufi tatu, NAS, ni tarakilishi ndogo isiyokuwa na skrini wala kibodi. Ndani yake mna diski moja, mbili, nne au zaidi. Kampuni za Synology na QNAP za Taiwan ndizo zinazojulikana sana katika biashara hiyo, pamoja na Western Digital ya Marekani. Wapo pia mafundi wanaochukua tarakilishi kuukuu na kuigeuza kuwa seva kwa programu za bure kama vile TrueNAS na OpenMediaVault. Kazi ni ile ile: diski zikae pahali pamoja, nao watu wa nyumba au wa afisi wazifikie kupitia mtandao wa humo ndani, kila mmoja akiwa kwenye tarakilishi, rununu au runinga yake.

Sehemu ya diski iliyotengwa ili watu zaidi ya mmoja waitumie ndiyo tunayoiita kabrasha la pamoja. (Wapo wasomaji wanaopendelea 'folda'. Hatutagombana nao, ila kabrasha ni neno lililokuwa kwenye meza za makarani wetu kabla ya tarakilishi kuzaliwa, na halijawahi kukataa kazi.)

Ili kabrasha hilo lifunguke, mambo kadhaa sharti yafuatane. Kwanza seva iwe hai na diski zake zizunguke. Pili, tarakilishi yako iweze kuifikia kwenye mtandao. Tatu, mbili hizo zielewane lugha. Nne, seva ikutambue wewe ni nani. Mwisho, mtu huyo iliyemtambua awe ameruhusiwa kuingia katika kabrasha analolitaka. Kosa la wengi ni kuanza kurekebisha la mwisho ilhali lililokatika ni la kwanza, au kinyume chake.

Jaribio moja la dakika mbili hupunguza kazi hiyo kwa zaidi ya nusu. Chukua kifaa kingine, tuseme rununu au tarakilishi ya jirani yako wa meza, kiunge kwenye mtandao ule ule, kisha ujaribu kufungua kabrasha lile lile. Likifunguka, basi seva ni nzima, diski ni nzima, nazo faili zipo. Kasoro iko kwenye tarakilishi yako, na hakuna sababu yoyote ya kukigusa kisanduku. Lisipofunguka popote, hapo ndipo uende ukatazame taa za kisanduku chenyewe.

Ujumbe unaotokea kwenye skrini nao usomwe hadi mwisho, pamoja na tarakimu zake. Watu wengi huufunga kabla ya kuusoma, halafu humweleza fundi kwamba 'imekataa'. Kuna kukataa kwa namna mbili. Tarakimu 0x80070035 humaanisha kwamba tarakilishi haikuifikia seva kabisa, mfano wa mgeni aliyepotea njia. Tarakimu 0x80070005 humaanisha kwamba imefika, imebisha hodi, na bawabu amekataa kuifungulia. Wa kwanza anahitaji kuelekezwa njia. Wa pili anahitaji kitambulisho au idhini. Ukimpa kitambulisho yule aliyepotea njia hujamsaidia kitu.

(Wenye kutumia amri za kuandika huona namba 53 badala ya ile ndefu ya kwanza. Ni kitu kimoja: 35 katika hesabu ya msingi wa 16 ni sawa na 53 katika hesabu yetu ya kawaida.)

Tuanze na njia.

Hapa Kenya, adui mkubwa wa njia ni kukatika kwa umeme. Nyumba nyingi hazipangii vifaa vyake anwani za kudumu. Ruta ndiyo inayogawa anwani hizo kila kifaa kinapowaka. Umeme ukipotea na kurudi, kama ulivyopotea karibu nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, vifaa vyote huamka kwa pamoja na kuomba anwani upya. Seva iliyokuwa 192.168.1.20 yaweza kuamka ikiwa 192.168.1.34. Njia ya mkato uliyoihifadhi kwenye tarakilishi yako ingali inakwenda kwenye anwani ya zamani, ambako pengine sasa kuna runinga.

Ili kulithibitisha hilo, fungua ukurasa wa ruta na utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiiona seva na anwani yake mpya, fungua dirisha la faili kwenye Windows na uandike mikwaju miwili ya kurudi nyuma ikifuatwa na anwani hiyo, yaani \\192.168.1.34. Kabrasha likifunguka kwa namba lakini likakataa kwa jina, ugonjwa ni wa majina tu. Dawa yake ya kudumu ni kuiambia ruta itenge anwani moja kwa ajili ya seva hiyo isiyogawiwa kifaa kingine. Karibu kila ruta inayotolewa na kampuni za intaneti ina sehemu ya kufanyia hivyo, na kazi yenyewe haichukui dakika tano.

Ukikuta tarakilishi au seva ina anwani inayoanza na 169.254, usipoteze wakati na nywila. Anwani hiyo kifaa hujipa chenyewe baada ya kuomba na kukosa wa kukijibu. Tazama waya, tazama ruta, badilisha tundu la kuchomekea.

Kuna mitego mingine ya njia ambayo huwahangaisha hata mafundi. Ruta nyingi hutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, na kazi ya mtandao huo ni kuwazuia wageni wasivione vifaa vya nyumbani. Mtoto aliyepewa nywila ya mtandao wa wageni atapata intaneti vizuri sana, ila seva hataiona hadi kiyama. Kadhalika, nyumba iliyo na kifaa cha kampuni ya intaneti sebuleni na ruta ya pili iliyonunuliwa ili mawimbi yafike vyumbani huenda ina mitandao miwili, si mmoja. Aliye kwenye mtandao wa nje hawezi kumfikia aliye ndani ya ule wa pili. Ruta hiyo ya pili ipangwe isambaze mawimbi tu, isigawe anwani. Nao wafanyakazi wanaotumia programu za VPN za mwajiri wao wakiwa nyumbani wajaribu kuizima kwanza, kwa sababu nyingi hupeleka mawasiliano yote kazini na kuikata tarakilishi na jirani zake.

Malalamiko mengine husikika sana: seva haionekani katika orodha ya mtandao kwenye Windows. Kutoonekana katika orodha hiyo si ushahidi wa kitu. Orodha ya zamani ilitegemea itifaki ambayo Windows mpya haina tena, na mtandao ukiwa umewekwa katika kundi la mitandao ya hadharani, tarakilishi huacha kutafuta vifaa vingine. Andika anwani moja kwa moja. Ikifunguka, mengine ni mapambo.

Ikiwa njia ni salama, suala la pili ni lugha, na hapa historia kidogo itatufaa.

Tarakilishi za Windows hugawana faili kwa itifaki iitwayo SMB, ambayo chimbuko lake ni kampuni ya IBM katika miaka ya 1980. Visanduku hivi vya nyumbani kwa kawaida havitumii Windows, bali Linux, na vinaizungumza lugha hiyo kwa msaada wa programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell alipokuwa mwanafunzi nchini Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina alilotaka awali lilikuwa tayari la kampuni nyingine, akaitafutia programu yake neno la kamusi lenye herufi S, M na B kwa mfuatano, na ngoma ya Wabrazili ikapata umaarufu wa aina nyingine.

Lugha hiyo imekuwa na matoleo. La kwanza kabisa, SMB1, lina udhaifu ambao uliigharimu dunia. Mnamo Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry iliutumia kusambaa kutoka tarakilishi moja hadi nyingine, ikafunga faili na kudai kikombozi, na kulemaza hospitali za umma nchini Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kinga miezi miwili kabla, Machi 2017, lakini wengi hawakuwa wameiweka. Kuanzia Windows 10 ya msimu wa pili wa mwaka huo, tarakilishi mpya ziliacha kuja na SMB1.

Matokeo yake ni kwamba kisanduku cha zamani kisichojua lugha nyingine ila hiyo ya kwanza hakiwezi kuzungumza na tarakilishi mpya. Ukiuliza kwenye mtandao utapewa jibu moja na watu mia: irudishe SMB1. Ni kweli kwamba kabrasha litafunguka. Hata hivyo, utakuwa umeirejesha nyumbani ile lugha ya zamani iliyowafungulia wezi wa 2017, na kwa kawaida hakuna anayekumbuka kuizima baadaye. Kwanza ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa kisanduku na utazame kama kuna toleo jipya la programu yake. Vingi vinaijua SMB2 au SMB3, ila viliuzwa vikiwa vimepangiwa ile ya zamani, na kubadilisha ni suala la kuchagua tu. Kikiwa ni kikongwe kabisa kisichopokea marekebisho, rejesha SMB1 kwa siku moja ya kunakili faili zako, uizime jioni, na kisanduku hicho kistaafu.

Sasa tufike kwenye lililowakumba waliohamia Windows 11.

Toleo la mfumo huo lililotoka Oktoba 2024, linalojulikana kama 24H2, lilileta mabadiliko mawili yanayohusiana. La kwanza ni kwamba katika Windows 11 Pro, tarakilishi haikubali tena kuingia kwenye seva kama mgeni asiye na nywila. Matoleo ya mashirika makubwa na ya vyuo yalikuwa na katazo hilo tangu 2017. La pili ni kwamba Pro na matoleo hayo hudai kila ujumbe unaopita kati ya tarakilishi na seva uwe umetiwa sahihi, ili ijulikane kwamba haukuchezewa njiani.

Mambo hayo mawili ni pande mbili za sarafu moja. Ufunguo wa kutilia sahihi hutokana na nywila ya mtumiaji. Mgeni hana nywila, kwa hivyo hana sahihi, kwa hivyo hapiti. Na sababu ya kumzuia si ushupavu wa bure. Mtu akishaingia katika mtandao wako usiotumia nywila, anaweza kuweka tarakilishi yake ijifanye ndiyo seva yako. Tarakilishi ya mzee haina namna ya kutofautisha, nayo itapokea faili lolote litakalopewa.

Nyumba nyingi zilikuwa zikiishi kwa ugeni huo bila kujua. Aliyekiunga kisanduku mara ya kwanza aliruhusu kila mtu aingie kama mgeni ili asisumbuliwe na simu za kuulizwa nywila, akaenda zake. Miaka saba ikapita. Tarakilishi ikabadilishwa, mlango ukafungwa, na lawama zikaangukia diski.

Tiba sahihi iko kwenye seva, si kwenye tarakilishi. Ingia katika ukurasa wa usimamizi kwa kuandika anwani ya seva kwenye kivinjari, uunde jina la mtumiaji na nywila kwa kila mtu wa nyumbani, halafu uwape idhini ya makabrasha wanayoyahitaji. Boresha programu ya kisanduku ikiwa kuna toleo jipya, kwa sababu baadhi ya vile vya kale havikujua kutia sahihi ipasavyo. Kisha rudi kwenye tarakilishi, fungua kabrasha, na ukiulizwa uandike jina hilo jipya.

Microsoft imeacha njia ya kuzima makatazo haya yote mawili. Binafsi sioni sababu ya kuipitia, isipokuwa kwa yule anayetaka kunakili faili kutoka kifaa kilichokwisha zeeka, na kwa siku hiyo tu. Mwenye studio ya kupiga picha, kliniki au afisi ya uwakili ana sababu ya ziada ya kuiepuka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka alinde habari za wateja wake, na seva inayomruhusu kila mgeni haiwezi hata kusema ni nani aliyefungua faili la nani.

Baada ya majina kuundwa, wengi hupata fadhaa mpya: nywila ni sahihi, wana hakika nayo, lakini inakataliwa. Hapa pana mitego minne, na yafaa kuijua yote.

Wa kwanza ni ile namba fupi ya siri ya kufungulia Windows. Namba hiyo ni ya tarakilishi hiyo moja tu, na seva haiijui. Kinachotakiwa ni jina na nywila vilivyoundwa kwenye seva.

Wa pili ni kwamba Windows, kabla ya kukuuliza, hujaribu kwanza kuingia kwa jina ulilofungulia tarakilishi. Ikiwa unaitwa wanjiku kwenye tarakilishi na wanjiku huyo huyo yuko kwenye seva kwa nywila nyingine, seva itaona ni wanjiku aliyekosea. Andika jina la seva kwanza, mkwaju wa kurudi nyuma, kisha jina lako, mathalani GHALA\wanjiku, ili ijulikane ni wanjiku yupi anayezungumziwa.

Wa tatu ni kumbukumbu. Windows huhifadhi majina na nywila za zamani katika sehemu ya paneli ya udhibiti inayotunza vitambulisho. Ukibadilisha nywila kwenye seva, tarakilishi itaendelea kuitoa ile ya kale kimya kimya. Ifungue sehemu hiyo, ufute kila kilichoandikwa jina au anwani ya seva, na uanze upya. Aidha, Windows haikubali mtu mmoja aingie kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ikiwa kijana alifungua kabrasha la muziki kwa jina lake asubuhi, mama akija mchana kwenye tarakilishi hiyo hiyo kufungua kabrasha la hesabu kwa jina lake, ataoneshwa kosa namba 1219. Amri ya net use * /delete huyakata mawasiliano yote ya aina hiyo, ingawa pia itaondoa diski za mtandao mlizozipa herufi. Asiyependa kuandika amri aizime tarakilishi na kuiwasha.

Wa nne ndio mbaya zaidi, kwa kuwa humwadhibu anayejitahidi. Visanduku vingi huhesabu nywila zilizokosewa. Zikifika idadi fulani, huifungia anwani ya tarakilishi hiyo kwa muda, au hata milele kulingana na mipangilio. Baada ya hapo hata nywila iliyo sahihi haitasaidia, na ujumbe unaoonekana waweza kugeuka kutoka 'nywila si sahihi' hadi 'seva haipatikani'. Ukiona rununu inaingia vizuri na tarakilishi moja tu haipati hata jibu, ingia kwenye ukurasa wa usimamizi kwa kifaa kile kinachokubaliwa, utafute orodha ya anwani zilizozuiwa, na uiondoe yako.

Kuhusu idhini, jambo la kukumbukwa ni kwamba kuna tabaka mbili. Kabrasha la pamoja lina idhini zake, na faili zilizomo kwenye diski zina zake. Lililo kali zaidi ndilo hushinda. Mtu anaweza kuruhusiwa kuandika kwenye kabrasha lakini akashindwa kubadilisha faili moja lililowekwa na mtu mwingine kwa njia nyingine. Katazo nalo hushinda ruhusa: ukimruhusu Otieno kwa jina lake, na Otieno yuko katika kundi lililokatazwa, Otieno haingii. Ikiwa kusoma kunawezekana lakini kuhifadhi kumekataa kwa watu wote, tazama kama diski imejaa. Kama haijajaa, basi tazama afya ya diski, kwani mfumo ukihisi kasoro huweza kulifanya ghala zima liwe la kusoma tu.

Wenye tarakilishi za Apple hubonyeza kitufe cha Command pamoja na K kisha huandika smb:// na anwani ya seva. Kwenye iPhone, programu ya faili iliyomo imekuwa na uwezo wa kuunganishwa na seva tangu 2019. Programu nyingine za kufungulia faili kwenye iPhone, tangu 2020, huomba kwanza ruhusa ya kuvifikia vifaa vya mtandao wa nyumbani, na tarakilishi za Mac zilifuata 2024. Aliyebofya 'hapana' bila kusoma atahangaika sana, kwa sababu hakuna ujumbe wowote utakaomkumbusha. Ruhusa hiyo iko katika mipangilio, sehemu ya faragha.

YASIYOFAA KUGUSWA

Yapo matendo matatu ambayo yamewapokonya watu faili zilizokuwa salama kabisa.

La kwanza ni kuchomoa diski kutoka kwenye kisanduku na kuiunga moja kwa moja kwenye tarakilishi ya Windows ili 'kuona kama faili zipo'. Visanduku hivi hupanga data kwa mfumo wa Linux, kwa kawaida ext4 au Btrfs, ambao Windows haiusomi. Itakapoiona diski hiyo itasema haiitambui na itajitolea kuipanga upya. Ukikubali, imeanza kuandika juu ya mali yako. Bofya 'ghairi', irudishe diski pahali pake, katika nafasi ile ile iliyotoka.

La pili ni kukubali pendekezo la kisanduku chenyewe la kuanza upya, au kubonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma kwa muda mrefu bila kusoma kijitabu chake. Kwa kampuni moja, kitufe hicho hurejesha nywila ya msimamizi. Kwa nyingine, kubonyeza kwa muda zaidi hurejesha mipangilio yote. Usibahatishe.

La tatu ni kuifungulia seva mlango wa intaneti ili binti aliyeko Minnesota aone picha za nyumbani. Mlango namba 445, ambao SMB huutumia, haufai kufunguliwa kwa ulimwengu kwa sababu yoyote ile, na hata ukurasa wa usimamizi haufai. Mnamo Juni 2021, wenye visanduku vya My Book Live vya Western Digital waliamka na kukuta data yao imefutwa kutoka mbali. Kifaa hicho kilikuwa hakijapokea marekebisho tangu 2015, na ushauri wa kampuni ukawa ni kukichomoa kutoka intaneti. Januari 2022, programu hasidi ya DeadBolt ilifunga faili za visanduku vya QNAP vilivyofikika kutoka intaneti na kudai malipo kwa sarafu ya kidijitali. Binti huyo aundiwe njia ya VPN ya nyumbani, ambayo ruta nyingi za kisasa na visanduku vyenyewe vina uwezo wa kuitoa.

Iwapo unamwita fundi, muulize swali moja kabla hajaketi: atafanya nini kwanza? Akijibu kwamba atanakili faili, mpe kiti. Akijibu kwamba atafomati, mshukuru kwa kuja. Watu wengine hujiliwaza kwamba diski zao ni mbili na zinafanana, hivyo basi wana nakala. Diski mbili zinazofanana hukukinga dhidi ya kufa kwa diski moja. Hazikukingi dhidi ya faili lililofutwa, kwa maana hufutika kote kwa wakati mmoja, wala dhidi ya mwizi anayebeba kisanduku kizima. Nakala ya tatu ikae kwenye diski ya nje iliyochomolewa, katika nyumba nyingine ikiwezekana.

Na ikiwa katika uchunguzi wako utasikia diski ikigonga-gonga au ikiwaka na kuzima yenyewe, acha kila ulichosoma hapa. Zima kisanduku kwa utaratibu kupitia ukurasa wa usimamizi, usikiwashe tena kujaribu mara ya mwisho, na kipeleke kwa mtu anayefanya kazi ya kuokoa data. Kila dakika ambayo diski iliyovunjika inazunguka hupunguza kitakachopatikana.